Grasshopper: kupanga mabapa 41 kwenye upana wa mita 24, mapengo yanayopanuka, na vishikizo katika vimo vitano

mchoraji_pwani

Habari zenu wanajukwaa. Ninaandaa modeli ya ukuta wa mbele wa jengo la ofisi jijini Dar es Salaam, na ukuta huo unatazama magharibi. Jua la alasiri linaupiga moja kwa moja, kwa hiyo tumeamua kuweka mabapa ya wima ya alumini mbele ya madirisha. Upana wa ukuta ni milimita 24,000, na wazo letu la awali lilikuwa bapa moja kila baada ya milimita 600. Ninatumia Rhino (programu ya kuchora maumbo) pamoja na Grasshopper, ambamo mchoro hujengwa kwa kuunganisha visanduku, kila kimoja kikifanya kazi yake, na kuna mambo matatu ambayo naomba mnisaidie kuyaelewa.

La kwanza ni idadi. Nilipiga hesabu nikaona kwamba nahitaji mabapa 41, nikaingiza 41 kwenye kisanduku cha Range kilichopewa mipaka ya 0 na 24,000. Zilitoka namba 42, na umbali kati ya namba moja na inayofuata ukawa 585.37 badala ya 600. Nikitumia Series napata 600 barabara, lakini upana wa ukuta ukibadilika mabapa hayafiki ukingoni au yanaupita.

La pili ni mapengo yasiyolingana. Upande wa kaskazini kuna jengo jirani linaloutia ukuta wetu kivuli, kwa hiyo tungependa mapengo yaanze kuwa finyu upande wa kusini na yapanuke taratibu kuelekea kaskazini. Masharti yake ni kwamba bapa la kwanza liwe kwenye 0, la mwisho liwe kwenye 24,000 kamili, na pengo lolote lisiwe chini ya milimita 300, maana anayesafisha vioo lazima aweze kupitisha mkono na brashi.

La tatu ni vishikizo. Kila bapa linafungwa kwenye jengo katika vimo vitano: 0, 3,600, 6,900, 10,200 na 13,500. Nilitegemea nukta 205, yaani 41 mara 5, lakini kisanduku cha Construct Point, kinachounda nukta, kimenipa nukta 41 tu, na kuanzia ya tano zote ziko kwenye kimo cha 13,500.

Nitashukuru zaidi nikielezwa kwa nini mambo yanakuwa hivi kuliko kutajiwa jina la kisanduku peke yake, kwa sababu vipimo vya mradi huu bado vitabadilika mara nyingi.

fundi_orodha

Karibu, ndugu mchoraji. Naanza na jambo la kwanza kwa sababu ndilo linalobeba mengine yote.

Mfuatano wowote wa namba zinazoachana kwa umbali sawa una mambo manne: unapoanzia, unapoishia, ukubwa wa hatua, na idadi ya namba. Ukitaja matatu kati ya hayo, la nne halina hiari tena, linajiamua lenyewe. Visanduku vyote vinavyozalisha mifuatano ya aina hii vinatofautiana katika kuuliza tu, yaani ni matatu yapi vinakuomba na ni lipi vinaliacha lijitokeze. Ukilishika hili, huhitaji kukariri kisanduku kipi kinafaa wapi.

Series inakuomba mwanzo, hatua na idadi, na mwisho ndio unaojitokeza. Ukiipa 0, 600 na 41 itaishia 24,000, lakini itaishia hapo kwa sababu 600 mara 40 ni 24,000. Series haina habari yoyote kuhusu ukuta wako. Siku mteja akiupanua ukuta kuwa 25,200, Series itaendelea kuishia 24,000 pasipo kukuonya.

Range inakuomba mipaka miwili pamoja na idadi ya hatua, kisha ukubwa wa hatua ndio unaojitokeza. Angalia vizuri hapo kwamba inachoomba ni idadi ya hatua, wala si idadi ya namba. Mabapa mawili yana pengo moja katikati yake, mabapa matatu yana mapengo mawili, na mabapa 41 yana mapengo 40. Uliposema 41, Range iliugawa ukuta katika sehemu 41, na 24,000 ukigawanya kwa 41 unapata 585.37. Kwa hiyo ilifanya sawasawa na ulivyoiagiza. Ipe 40 nawe utapata namba 41 zinazoachana kwa 600.

Sasa tazama mradi wako. Mwanzo na mwisho vimeamuliwa na jengo, wala si na wewe. Kwa hiyo kisanduku kinachofaa ni kile kinachovitaka hivyo viwili, yaani Range, na kinachobaki kwako ni kuamua jambo la tatu. Kama umeshikilia idadi ya mabapa, weka slaida (kitelezi cha kubadilisha namba) ya mabapa, ondoa 1, kisha upeleke jibu kwenye Range. Ningependa slaida ihesabu mabapa na isihesabu mapengo, kwa kuwa mteja na fundi wote wawili huzungumza kwa mabapa, na kutoa 1 ni kazi ya programu. Lakini kama umeshikilia umbali wa takriban 600, gawanya upana kwa 600, lipitishe jibu kwenye kisanduku cha Round uchukue namba nzima iliyo karibu, kisha uipeleke hiyo kwenye Range. Ukuta ukiwa 25,000 utapata 41.67, ambayo inakuwa mapengo 42 ya milimita 595.24 kila moja. Ukingo unafikiwa kamili, na umbali unabaki karibu kabisa na ule ulioutaka.

kalamu_ya_msimbo

Naongeza neno kwa yeyote anayependelea kuandika msimbo ndani ya Grasshopper. Katika Python, `range(0, 24000, 600)` inatoa namba 40 tu na kuishia 23,400, kwa sababu kikomo cha mwisho hakihesabiwi. Jina linafanana na lile la kisanduku lakini kanuni ni tofauti kabisa, na wanaohama kutoka upande mmoja kwenda mwingine hupoteza bapa la mwisho. Ninachoandika mimi ni `[24000 * i / 40 for i in range(41)]`, ambayo inahesabu kila nafasi moja kwa moja kutoka kwenye upana. Anayetumia toleo la zamani lenye Python 2 aandike `24000.0`, asije akapoteza desimali pindi mgawanyo usipokuwa kamili.

hesabu_na_umbo

Nimevutiwa na swali la pili, kwa hiyo nitalijibu kwa kirefu kidogo.

Watu wengi wakitaka mapengo yanayopanuka hukimbilia kuchukua namba za 0 hadi 1 kutoka Range, wakazipandisha kwa kipeo, kisha wakazizidisha kwa upana. Njia hiyo inaheshimu ncha zote mbili, maana 0 kwa kipeo chochote chanya hubaki 0 na 1 hubaki 1. Tatizo lake ni kwamba huna mamlaka juu ya pengo la kwanza. Chukua kipeo cha 1.5 kwa mapengo 40: pengo la mwisho linakuwa takriban milimita 894, jambo ambalo linapendeza, lakini la kwanza linakuwa takriban milimita 95. Mkono na brashi havipiti hapo. Graph Mapper, kisanduku kinachopanga namba kwa kufuata mkunjo, nayo ina kasoro iyo hiyo, tena kwa uzito zaidi, kwa sababu umbo lake unalivuta kwa kipanya, na pengo dogo kuliko yote halionekani popote kama namba mpaka uende kulipima.

Ushauri wangu ni kwamba uache kuzalisha nafasi za mabapa na badala yake uzalishe mapengo yenyewe. Sharti lako linahusu mapengo, basi mapengo ndiyo yawe orodha ya msingi, na nafasi zitokane nayo.

Tuseme mapengo yanaongezeka kwa kiasi kilekile kila mara. Wastani wa mfuatano wa namna hiyo ni nusu ya jumla ya namba ya kwanza na ya mwisho. Una mapengo 40 yanayopaswa kujumlika kuwa 24,000, kwa hiyo wastani ni 600, na pengo la kwanza likijumlishwa na la mwisho lazima litoe 1,200. Ukiamua la kwanza liwe 300, la mwisho ni 900. Ukiamua 350, la mwisho ni 850. Slaida moja tu ya pengo dogo inatosha kuongoza ukuta mzima, na kanuni yake ni hii: pengo kubwa ni sawa na upana mara mbili ukigawanywa kwa idadi ya mapengo, ukitoa pengo dogo. Mteja akipunguza mabapa yakawa 37, mapengo yatakuwa 36, na pengo kubwa litakuwa 1,333.33 kutoa 300, yaani 1,033.33.

Kwenye Grasshopper inakuwa hivi. Tumia Construct Domain kuunganisha 300 na 900, kisha uipeleke kwenye Range yenye hatua 39, kwa sababu sasa unahitaji namba 40 ambazo ni mapengo. Orodha hiyo iingize kwenye Mass Addition. Kisanduku hicho kina matokeo mawili: moja ni jumla kuu, na jingine, linaloitwa Partial Results, ni orodha ya jumla zinazoongezeka kila hatua. Hilo la pili ndilo unalolihitaji. Litaanza 300, kisha 615.38, kisha 946.15, na kuendelea mpaka 24,000. Lina namba 40, na kinachokosekana ni bapa la mwanzo. Tumia Merge, ukiweka 0 kwenye tundu (mahali pa kuingizia data) la kwanza na orodha kwenye tundu la pili, nawe utapata nafasi 41. Mpangilio wa matundu ni muhimu hapa, kwa sababu ukiugeuza, sifuri itakaa mwisho wa orodha na mchoro utarudi nyuma kutoka kaskazini hadi kusini.

Ili kujihakikishia, peleka orodha kwenye List Length uone 41, kisha uchukue List Item yenye namba ya nafasi −1, ambayo hurudisha namba ya mwisho ya orodha, uone 24,000. Visanduku hivi viwili mimi huviacha kwenye turubai mpaka mradi unakabidhiwa.

Kwa asiyependa kujumlisha hatua kwa hatua, kuna njia ya moja kwa moja: chukua Series ya 0 hadi 40, uiite k, na kwenye Expression uandike `300*k + (600/39)*k*(k-1)/2`. Matokeo ni yaleyale, sifuri iko ndani tayari, na ukiweka 40 mahali pa k unapata 12,000 jumlisha 12,000.

Na kama hutaki ongezeko la kujumlisha bali la kuzidisha, yaani kila pengo liwe asilimia fulani zaidi ya lililotangulia, usihangaike kutafuta uwiano utakaotoa 24,000 kamili. Zalisha mapengo ya ukubwa wowote, jumlisha yote, kisha uzidishe kila moja kwa 24,000 na kugawanya kwa jumla hiyo. Orodha yoyote ya namba chanya inageuka kuwa mapengo halali ya ukuta wako kwa njia hii. Sharti la 300 tu ndilo utakalolazimika kulikagua upya, kwa sababu kuzidisha kunayagusa mapengo yote.

miundo_nairobi

Mimi hufanya kazi na Dynamo, programu ya visanduku kama Grasshopper iliyo ndani ya Revit (programu ya kuchora majengo), na nadhani kulinganisha programu hizi mbili kutasaidia kulieleza swali la tatu.

Kwanza nieleze kidogo kuhusu mifuatano, kwa sababu maelezo ya fundi_orodha kuhusu mambo manne yanaonekana waziwazi katika maandishi ya Code Block, kisanduku cha kuandikia msimbo. Ukiandika `0..24000..600` umetaja mwanzo, mwisho na hatua. Ukiandika `0..24000..#41` umetaja mwanzo, mwisho na idadi, na hapa idadi ni ya nambari zenyewe, si ya mapengo, kwa hiyo hakuna kutoa 1. Ukiandika `0..#41..600` umetaja mwanzo, idadi na hatua, kama Series ya kwenu. Namna ya kwanza inahitaji uangalifu: `0..24000..700` inaishia 23,800, kwa sababu hatua nyingine moja ingepita mwisho, na ukuta unabaki na milimita 200 zisizo na bapa. Ndiyo maana kuna namna ya nne, `0..24000..~700`, ambapo ile alama ya wimbi inaruhusu hatua irekebishwe kidogo ili mwisho ufikiwe. Utapata mapengo 34 ya takriban 705.88. Ni ile hesabu ya Round iliyoelezwa hapo juu, ila imewekwa ndani ya lugha yenyewe.

Sasa nukta 41 badala ya 205. Kisanduku kinapopokea orodha mbili zenye urefu tofauti, lazima kiwe na kanuni ya kuzioanisha. Grasshopper kwa kawaida hufuata orodha ndefu: X (nafasi ya bapa kwenye upana) ya kwanza na kimo cha kwanza, ya pili na cha pili, mpaka vimo vinapoisha, kisha kimo cha mwisho kinarudiwa kwa X zote zilizosalia. Ndiyo sababu kuanzia nukta ya tano zote zilikuwa kwenye 13,500. Ukifanya jambo lilelile kwenye Dynamo bila kugusa mpangilio wa Lacing, unaoamua jinsi orodha zinavyooanishwa, utapata nukta 5 tu, kwa sababu huko orodha fupi ndiyo inayoamua. Programu hizi mbili zinatoa majibu mawili tofauti kwa nambari zilezile, na hakuna kati ya hayo ulilolitaka.

Unachokitaka wewe ni kila X ikutane na kila kimo. Kwenye Dynamo naandika `Point.ByCoordinates(x<1>, 0, z<2>)`, na tarakimu zile kwenye mabano ya pembe zinasema ni orodha ipi iwe ya nje na ipi iwe ya ndani. Hapo napata orodha 41, kila moja ikiwa na nukta 5. Nikibadilishana tarakimu, napata orodha 5 zenye nukta 41. Kwa upande wa Grasshopper ningependa mwenyeji wa programu hiyo aeleze.

fundi_orodha

Asante, ndugu wa Nairobi. Napokea hapo ulipoachia.

Kwenye Grasshopper bonyeza kwa kitufe cha kulia kwenye tundu la X la Construct Point na uchague Graft. Tendo hilo linaiweka kila X kwenye tawi lake, yaani orodha yake ndogo. Orodha ya vimo iache kama ilivyo. Kisanduku sasa kinaoanisha tawi kwa tawi: upande wa X kuna matawi 41 yenye namba moja moja, upande wa Z, yaani vimo, kuna tawi moja lenye namba tano, na kwa kuwa tawi la Z ni la mwisho na ni pekee, linarudiwa kwa kila tawi la X. Ndani ya kila tawi, X moja inarudiwa kwa vimo vitano. Unapata matawi 41 ya nukta tano tano, jumla 205. Kanuni ni ileile ya orodha ndefu iliyokuletea shida mwanzoni, ila sasa inafanya kazi kwa faida yako.

Swali linalofuata ni orodha ipi ipewe Graft, na hili halipaswi kuachwa liamuliwe kwa bahati. Ukiipa X, kila tawi ni bapa moja lenye vishikizo vyake vitano, na ukiunganisha Polyline (mstari unaopita kwenye nukta kwa mfuatano) baada ya hapo utapata mistari 41 ya wima. Ukiipa Z, kila tawi ni sakafu moja yenye nukta 41, na Polyline itachora reli tano za mlalo. Jiulize ni kitu gani kinaletwa kazini kama kipande kimoja. Kwako ni bapa, basi Graft iende kwenye X. Ukihitaji mtazamo wa pili baadaye, Flip Matrix inageuza safu kuwa mistari, kama List.Transpose inavyofanya kwenye Dynamo, na hakuna haja ya kujenga upya. Kisanduku cha Cross Reference nacho hutoa jozi zote 205, lakini huzitoa katika orodha moja ndefu, na hapo taarifa ya nukta ipi ni ya bapa lipi inakuwa imepotea.

Kuhusu vimo vyenyewe: si mfuatano wa hatua sawa, kwa kuwa sakafu ya chini ina 3,600 na nyingine zina 3,300. Unaweza kuviandika kwenye Panel (kisanduku cha maandishi), kimoja kila mstari, lakini hakikisha chaguo la Multiline Data limezimwa, la sivyo mistari yote mitano itasomwa kama maandishi mamoja. Njia ninayoipendelea ni Series inayoanza 3,600, hatua 3,300, idadi 4, kisha Merge yenye 0 mbele. Msanifu akibadilisha kimo cha sakafu, unagusa namba moja badala ya tatu.

mchoraji_pwani

Nawashukuru nyote kwa dhati. Nimejenga kwa njia ya mapengo na nukta 205 zimekaa mahali pake. Yamezuka mambo mawili mapya. Karakana itakayokata reli za kufungia mabapa inataka vipimo vya milimita nzima, bila desimali. Pia mteja ameona mchoro na anauliza kama mapengo yanaweza kuchanganywa pasipo mpangilio unaoonekana, badala ya kupanuka kuelekea upande mmoja, hata kama faida ya kivuli cha jirani itapungua.

fundi_orodha

Kuhusu milimita nzima nina jambo moja ninalolisisitiza kwa kila ninayefanya naye kazi: kadiria nafasi (zigeuze ziwe namba nzima zilizo karibu), usikadirie mapengo. Rudi kwenye ile orodha yako ya kwanza yenye mapengo 41 ya 585.37. Ukikadiria kila pengo kuwa 585 na karakana ikapima kutoka bapa moja hadi linalofuata, jumla ni 23,985, na mwishoni umepungukiwa milimita 15. Bolti ya mwisho haitaingia kwenye kishikizo chake. Lakini ukikadiria nafasi, kila bapa linaweza kukosea nusu milimita kwa wingi, kosa halirithiwi na linalofuata, na la mwisho linabaki kwenye 24,000 kamili. Kwa mapengo yako ya 300 hadi 900 makosa hayo yanatokea kufutana mwishoni, kwa hiyo njia zote mbili zitakupa 24,000, ila usiijengee mazoea bahati hiyo. Ukibadilisha idadi ya mabapa inaweza kutoweka.

Kwa hiyo kisanduku cha Round kikae baada ya Merge, na uchukue tokeo la Nearest. Kama karakana inasisitiza kupewa mapengo, yatoe kwa kuondoa kila nafasi iliyokadiriwa kutoka kwenye inayofuata. Karatasi ya vipimo nayo iandike nafasi zote kutoka ncha moja ya reli, ili fundi aweke utepe mara moja na kupiga alama zote bila kuuhamisha.

Ukadiriaji huu unakuondolea na tatizo jingine. Hatua ya 15.38 ina desimali zisizokwisha, na kompyuta inapozijumlisha mara nyingi, namba ya mwisho inaweza kutofautiana na 24,000 kwa sehemu ndogo sana ambayo Panel haiionyeshi lakini kisanduku cha Equality kinaiona. Ukihitaji kulinganisha kabla ya kukadiria, tumia Similarity, ambacho kinakubali tofauti ndogo unayoiruhusu wewe.

hesabu_na_umbo

Kuhusu kuchanganya, usitumie kisanduku cha Random kuzalisha mapengo mapya. Ukikiomba namba 40 kati ya 300 na 900, kitakupa, lakini jumla yake haitakuwa 24,000. Ukiinyoosha jumla kwa kuzidisha, kama nilivyoeleza juu, baadhi ya mapengo yanaweza kushuka chini ya 300, na brashi imerudi kuwa tatizo.

Chukua mapengo uliyonayo tayari na uyapitishe kwenye Jitter kabla ya Mass Addition. Jitter haibadilishi namba yoyote, inabadilisha mpangilio wake tu. Jumla inabaki 24,000, pengo dogo linabaki 300, pengo kubwa linabaki 900, na hakuna sharti hata moja linalohitaji kukaguliwa upya. Ina tundu la nguvu, kutoka 0 hadi 1, ambapo thamani ndogo huyasogeza mapengo kidogo tu kutoka mahali pake. Hapo kuna suluhisho la kati ambalo ningemwonyesha mteja kwanza: nguvu ndogo inaficha utaratibu machoni, huku upande wa kusini ukiendelea kuwa na mabapa mengi zaidi kuliko kaskazini, kama jua linavyotaka.

Tundu la tatu ni Seed, na namba uliyoiweka hapo ndiyo inayoamua mchanganyiko. Namba ileile hutoa mpangilio uleule kila faili inapofunguliwa. Mteja akishachagua, iandike namba hiyo kwenye michoro pamoja na vipimo, na uiondoe slaida yake uweke Panel, mtu asije akaisogeza bila kukusudia wakati reli zimeshakatwa.

miundo_nairobi

Nyongeza moja kuhusu lebo za mabapa. Orodha za programu zote mbili huanza kuhesabu kutoka 0, kwa hiyo bapa la mwisho lina nambari ya nafasi 40, wakati fundi aliye kwenye jukwaa la ujenzi ataliita la 41. Zalisheni lebo kwa mfuatano wake wenyewe unaoanza 1, na idadi yake itoke kwenye List Length ya nafasi, isiandikwe kwa mkono. Mkiweka Jitter, lebo zitolewe baada ya Mass Addition, ili ziwafuate mabapa jinsi yanavyosimama ukutani kutoka kusini kwenda kaskazini.

mchoraji_pwani

Nimeunganisha Jitter yenye nguvu ya 0.2, Round imekaa baada ya Merge, na lebo zinaanza 1 upande wa kusini. List Length inaonyesha 41 na namba ya mwisho ni 24,000. Kesho asubuhi ninampelekea mteja mipangilio mitatu yenye Seed tofauti achague mmoja.